Nafsi ya Kwanza

Kanuni ya kazi yetu ni moja:
mkalimani hasemi "yeye amesema."
Unakuwa mimi.
Basi Jumatano, saa tatu na robo asubuhi,
ndani ya kibanda cha kioo, Arusha,
tangawizi ikiwa bado inaniwasha kooni,
nilisema: Bahari hii ni yangu.
Babu zangu walizika nanga zao humo.
Na saa tano na nusu, baada ya chai,
kwa koo lile lile, nikasema:
Bahari hii ni yangu.
Babu zangu waliipa jina kabla nanga hazijafuliwa.

Mwenzangu wa zamu, Nanyaro, alinisogezea glasi,
akaandika pembeni mwa ajenda:
Leo umeshinda pande zote mbili.

Sijawahi kuiona.
Mimi ni wa Uru, juu ya Moshi.
Kwetu maji huja kwa mfereji, kwa zamu,
na zamu ya nyumba yetu ni Alhamisi, giza likiingia.
Lakini kina cha bahari ile nakijua kwa mita,
samaki wake nawajua kwa majina mawili mawili,
na gesi iliyolala chini yake
kama ng'ombe zizini, asiyejua
kwamba ametajwa kwenye mahari.

Jina ndilo lililonitoa jasho.
Upande wa kulia wanaiita Bahari ya Mapambazuko.
Upande wa kushoto, Bahari ya Machweo.
Kila mtu alisimama ufukweni kwake
akatazama jua lile lile.
Ukiteleza jina moja, mtu anasimama,
anafunga vifungo vya koti, anaelekea mlangoni;
na milango ya ukumbi ule ni miwili,
kwa makusudi.

Siku ya pili wakatandaza ramani.
Chupa ya maji, sikuona ya nani,
iliacha duara la unyevu katikati ya buluu.
Ukumbi mzima ukalitazama.
Kwa sekunde chache lilikuwa kisiwa,
na kwenye spika za masikioni
nikamsikia mtu akivuta pumzi ya kukidai.
Anaeli, kijana wa chai, akapita na sinia lake,
akakifuta kwa mkono wa shati.
Mjumbe mmoja akaomba iandikwe kwenye kumbukumbu
kwamba kufuta kule
hakubadilishi msimamo wa serikali yake.
Nikatafsiri. Sikucheka.
Hilo nalo nalipwa.

Jioni mlima Meru ulikuwa umejifunika
na mama akapiga simu.
"Ndetaulwa amesogeza masale tena.
Usiku, na mvua ile! Futi moja na nusu.
Sasa mgomba wangu una mizizi kwangu, mkungu kwake."

Masale. Jani lile lile
tunalombebea mtu tukitaka atusamehe
ndilo tunalolipanda kumwambia: ishia hapo.

"Umeongea naye?" nikauliza.
"Kwa lugha gani?" akasema mama,
aliyekaa jirani na Ndetaulwa miaka arobaini na moja,
wakikopeshana chumvi na jembe
kwa Kiuru kimoja, hata kigugumizi chake anakijua.

Nilifungua kinywa nimtulize.
Kinywa, kwa mazoea ya siku mbili, kikasema:
Kihamba hiki ni changu.
Mkungu huo niliuhesabu tangu ua lake.
Halafu, kabla sijameza mate:
Kihamba hiki ni changu.
Masale aliyapanda baba yangu, mvua ndiyo iliyoyahamisha,
na tangu mume wako azikwe
hujanigongea hodi hata mara moja.

Sijui hilo la mwisho nililitoa wapi.
Hakuna aliyelisema kwenye maikrofoni yangu.

Mama akanyamaza.
Nyuma yake nilisikia mfereji; ilikuwa Alhamisi.
"Rudia," akasema.
"Hapo alipoongea yeye.
Rudia, polepole."